Nitasema Hadi Maziwa Yapoe

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, uliyeacha shughuli zako kuja kutufungulia tangi hili la maziwa, Bwana Chifu, Afisa wa Mifugo uliyetoka Nyeri mjini, Bwana Theuri, mwenyekiti wa chama chetu cha wafugaji, pamoja na kamati yako nzima, Mchungaji wetu, Mzee Abdisalan na wageni wote mliotoka Nanyuki, ndugu wageni waalikwa, wakulima wenzangu wa mgongo huu wote wa mlima, kuanzia ninyi wa hapa barabarani hadi ninyi wa kule juu mnaopakana na msitu, wanafunzi wangu wa zamani, ambao wengine nawaona mna mvi kunishinda, na wewe Safiyo, mpimaji wetu wa maziwa, uliyesimama hapa kando yangu na koti lako jeupe: hamjambo?

Hamjambo tena, maana mara ya kwanza mmeitikia kama watu walionyimwa chai.

Haya, hapo sawa. Kwa wageni wasionijua, mimi ni Beth Wacera. Nilifundisha Kiswahili katika shule ya msingi hadi nikastaafu, na ng'ombe nimefuga tangu nilipoolewa. Nyumba yangu ni ile yenye mabati ya kijani. Ukitoka kwenye lango la kituo hiki unavuka barabara, umefika. Tafadhali wekeni hilo akilini, kwamba kwangu ni karibu, kwa sababu habari yote ya leo imesimama juu ya huo ukaribu.

Mlipoingia mlipewa ratiba. Ukiisoma utaona kwamba baada ya maombi na nyimbo, na kabla ya Mheshimiwa kukata utepe, kuna shughuli imeandikwa hivi: Chama kumsamehe Mwalimu Beth Wacera. Chini yake imeandikwa: Neno la shukrani kutoka kwa Mwalimu, dakika tano. Basi neno nimekuja nalo. Kuhusu shukrani, tutaona.

Kabla sijaendelea, naomba mtazame meza hii. Mnaona karai, na mnaona mtungi. Ndani ya mtungi kuna maziwa ya ng'ombe wangu, anaitwa Wendy, jina alilopewa na mjukuu wangu na ambalo mimi sikuulizwa. Nimemkama wakati Mchungaji alipokuwa anaanza maombi, na naomba radhi, Mchungaji, nilisema amina nikiwa zizini. Bwana Chifu alinipa askari wake aje asimame aangalie mikono yangu. Koplo, uko wapi? Simama watu wakuone. Nilitia maji? Mmemsikia? Amesema hata nusu tone hakuliona. Tulifunga mtungi, tukavuka barabara pamoja, na hapa tuko.

Safiyo, tumbukiza laktomita.

Kwa wale ambao si wafugaji, laktomita ni kile kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Maziwa yakiwa mazito kinapanda juu, yakiwa mepesi kinazama. Hapa kwetu maziwa yasiyoguswa yanasoma ishirini na saba kwenda juu. Chini ya hapo, mwenye maziwa ametia maji. Ndivyo tulivyokuwa tunaambiwa. Safiyo, soma kwa sauti.

Ishirini na tano! Mmesikia wenyewe. Mbele ya Mheshimiwa, mbele ya Chifu na mbele ya kanisa, mimi ni mwizi tena.

Sasa Safiyo atauingiza huo mtungi ndani ya karai. Karai lina maji ya mto, yale yanayoshuka kutoka mlimani, na hakuna mtu hapa asiyejua vile yanauma vidole. Mimi nitasema hadi maziwa yapoe. Yakipoa tutapima tena, kisha nitanyamaza. Ndugu Ngugi, wewe ndiwe kiongozi wa shughuli, nakuheshimu, lakini usinionyeshe saa. Mimi ndiye niliyekufundisha kuisoma hiyo saa.

Ndugu zangu, nianze na kumbukumbu. Wakati kituo hiki kilipokuwa kibanda cha mbao, mpimaji wetu alikuwa Bwana Kinuthia. Wengi mnamjua, alistaafu akaenda Mwea kukaa na mwanawe anayelima mpunga. Alikuwa mtu mwaminifu wa saa zake. Alfajiri akifungua dirisha, mtu wa kwanza kusimama pale alikuwa mimi. Si kwa sababu nilikuwa na bidii kuliko ninyi. Nilikuwa mwalimu, kengele ya shule ilikuwa inaningoja, na kutoka zizini hadi dirishani ni kuvuka barabara tu. Maziwa yangu yalifika hapa yakiwa bado na povu, na mtungi ukiwa moto mpaka unaweza kujipasha mikono.

Na ninyi wa kule juu? Mlikuwa mnatembea. Mnashuka mteremko mzima gizani, ukungu umewafunika mpaka kofia zinadondoka maji, mitungi imening'inia mikononi. Mlipofika hapa maziwa yenu yalikuwa baridi kama maji ya kisima. Yalipita. Yangu yakakataliwa. Kesho yake yakakataliwa tena. Bwana Kinuthia akaniambia, mbele ya foleni nzima, "Mwalimu, hii maziwa iko na maji. Wewe unafundisha watoto wetu nini?"

Nikamwambia sijatia maji. Akaniambia kioo hakidanganyi.

Sasa niwaulize, na nataka mjibu moyoni, si kwa mdomo: ni nani kati yenu aliyewahi kuuliza kwa nini mtu anayekaa karibu zaidi ndiye maziwa yake mabaya zaidi? Hakuna. Mlikuwa na jibu lenu tayari. Mlisema, ana mfereji wa maji karibu na zizi. Ni kweli ninao. Mkaniita Mama Mfereji. Watoto wangu wakaitwa watoto wa mfereji uwanjani, katika shule ambayo mama yao anafundisha, na mimi nasikia kupitia dirisha la darasa huku nimeshika chaki.

Safiyo, koroga kidogo. Yakoje? Bado yana uvuguvugu. Sawa, nami bado nina maneno.

Kulikuwa na siku ambazo maziwa yangu yalipita. Mnakumbuka msimu wa mvua, lori la maziwa likikwama kwenye matope ya kule chini, Bwana Kinuthia akiwa ndani yake? Tulikuwa tunangoja hapa mpaka jua linachomoza. Siku hizo maziwa yangu yalipita bila shida yoyote. Mtu angedhani hilo lingenisaidia. Bwana Kinuthia alinitazama, akatabasamu, akasema, "Leo umeogopa, eh?" Kwa hiyo nikikataliwa, nimeiba. Nikikubaliwa, niliiba jana na leo nimeogopa. Niambieni, mtu anatokea wapi katika nyumba kama hiyo, isiyo na mlango wala dirisha?

Na Kagure. Kagure, uko hapa, nimekuona na kitambaa chako cha buluu. Kagure anakaa mwisho kabisa, nyuma ya nyumba yake ni ua wa msitu. Maziwa yake hayakuwa yamekataliwa hata mara moja. Asubuhi moja mguu ulikuwa umevimba, mpwa wake akambeba kwa bodaboda. Kagure akaufunga mtungi ndani ya blanketi usimwagike, akaupakata kama mtoto mchanga, wakashuka mbio. Wakafika hapa maziwa yakiwa moto. Yakakataliwa! Kamati ikakaa, ikatafakari, na ikapata jawabu. Unajua walisema nini, Mheshimiwa? Walisema pengine ameazima mtungi wa Mwalimu.

Mnacheka. Chekeni, hata mimi siku hizi nacheka. Lakini Kagure hakucheka. Kagure, naomba usimame. Ulitia maji siku ile? Mmemsikia, anasema hakutia. Na uliomba msamaha? Sema tu, hakuna atakayekuuma. Anasema: "Niliomba. Ningefanya aje, Mwalimu? Mtoto alikuwa anaingia sekondari." Kaa, dada yangu. Asante kwa kusimama, maana najua si rahisi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya chama. Ukishikwa, unasimamishwa. Ukitaka kurudi, unakuja mkutanoni, unasimama mbele, unasema, "Nilikosea, nisameheni," watu wanapiga makofi, na wiki inayofuata umerudi kwenye foleni. Wapo waliotia maji kweli. Sitawataja, wao wanajijua, na mmoja ameketi karibu sana na keki. Walisimama mbele wakaomba msamaha, wakasamehewa, wakarudi. Kagure ambaye hakutia, aliomba, akarudi. Mimi ambaye sikutia na sikuomba, nilibaki nje ya lango hili miaka tisa. Katika chama chetu mtu pekee ambaye hangeweza kusamehewa ni yule ambaye hakuwa amefanya kitu. Nawaona mnaangalia viatu. Ni viatu vizuri, lakini nitazameni mimi.

Nilikuwa nakama kila siku. Maziwa nilimpa ndama, nilipika chai, niligandisha, mengine nilipeleka kwa hoteli moja kule Kiganjo ambako hakuna aliyejua jina langu. Na kila alfajiri nilisikia mitungi yenu ikigongana hapa langoni, nikawa najua ni nani amefika kwa sauti ya kikohozi chake. Mlikuwa mnaongea mambo ya harusi na bei ya majani, na nilikuwa nawasikia nikiwa kitandani.

Niliambiwa na wengi, wengine wakinipenda kabisa, "Mwalimu, sema tu hilo neno moja, yaishe." Mchungaji aliyekuwapo wakati huo, si huyu, alinijia nyumbani akaniambia unyenyekevu ni jambo zuri. Nikamwambia nakubali, ni zuri sana, lakini uongo hauwi unyenyekevu kwa sababu umesemwa umeinamisha kichwa. Hakurudi tena kwa chai.

Sasa nifike kwa jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu.

Mume wangu, Mutahi, mlimjua. Fundi wa mbao, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Nusu ya meza za kijiji hiki ni mkono wake, na hata hii ninayoegemea ni yake. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kuniuliza kama nilitia maji. Nilidhani haulizi kwa sababu anajua jibu. Nililala nikiwa na amani kwa sababu hiyo moja, kwamba kijiji kizima kinaweza kusema litakalo, lakini ndani ya nyumba yangu kuna mtu mmoja anayejua.

Alipougua na kulazwa, na wote tukawa tunajua hatarudi, nilikuwa nimeketi kando yake. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa umekwisha, umebaki mifupa tu, lakini alinishika kwa nguvu. Akasema, "Beth, ile mambo ya maziwa, mimi nilikusamehe kitambo. Usiibebe tena."

Mheshimiwa, wewe ungesema nini? Ungebishana na mtu ambaye pumzi zake unaweza kuzihesabu? Ungemwambia, "Kumbe hata wewe"? Mume wangu alikuwa ananipa kitu cha mwisho alichokuwa nacho, na alikuwa anakitoa kwa upendo. Nilisema, "Asante."

Nimesema asante nyingi maishani. Hiyo ndiyo ya pekee ambayo ningependa kurudishiwa.

Na siku ya kumzika, akina mama mlikuja mapema kusaidia kupika. Mlikuja na maziwa yenu. Hakuna aliyenitukana. Mliniambia kwa upole, "Beth, tumekuletea, usijisumbue kukama." Nikaelewa. Chai ya mazishi ya mume wangu ilipikwa kwa maziwa ya majirani, mita chache tu kutoka zizini, na ng'ombe wangu alikuwa analia tangu asubuhi, kiwele kimejaa, mpaka wageni wakauliza kuna nini kwa huyo ng'ombe. Niliumia. Nasema hivi leo ili mjue. Sikuonyesha, lakini niliumia kuliko nilivyoumia kwa jeneza.

Safiyo, koroga tena. Usitoe bado.

Huyu Safiyo mnayemwona alitumwa kwetu mwaka jana Bwana Kinuthia alipostaafu. Baba yake, Mzee Abdisalan pale, anauza ng'ombe Nanyuki, na nadhani huyu binti alijua maziwa kabla ya kujua kutembea. Wakati huo kamati ilikuwa inahitaji maziwa mengi kwa ajili ya tangi hili jipya, basi wakatangaza kwamba waliosimamishwa wote walete, mambo mengine yatazungumzwa baadaye. Nikaleta. Nikawa wa kwanza dirishani, kama zamani, na mtungi moto. Watu nyuma yangu wakaanza kunong'ona. Safiyo akaweka kiganja kwenye mtungi. Hakuchukua laktomita. Alisema, "Mwalimu, haya yametoka kwa ng'ombe saa hii. Yaweke hapo kando yapoe, nipime wengine kwanza." Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Maziwa yakiwa na joto na povu ni mepesi. Ukiyapima hivyo utaona kama yana maji."

Alisema hivyo kama mtu anayekuambia funga lango, mbuzi watatoka. Nilikaa chini hapo hapo kwenye majani, na sketi yangu ya Jumapili.

Kamati haikuamini. Ni sawa, hawakuzoea kuniamini. Wakamwita Afisa wa Mifugo, naye akaja, akapima maziwa ya moto, akayapoza, akapima tena. Akafanya ya kwangu, akafanya ya Kagure, akafanya ya mwenyekiti mwenyewe. Maziwa ya mwenyekiti yakiwa moto yalisoma chini kuliko yangu! Basi nikajua sasa yamekwisha. Nikapika, nikafagia uwanja, nikangoja waje waniambie.

Walikuja. Bwana Theuri alikuja na leso na kilo mbili za sukari. Akakaa, akasifu chai, akasema, "Mwalimu, tumeamua tumalize hii maneno. Sisi tumekusamehe. Na wewe utusamehe. Yaishe."

Nikamuuliza, "Mmenisamehe nini?"

"Si ni ile mambo ya maziwa."

"Ile ambayo Afisa wa Mifugo amewaambia sikufanya?"

"Ee, hiyo hiyo."

Bwana mwenyekiti, unajua nilicheka mpaka ukaangalia mlango. Nikakuambia sitaki kusamehewa, nataka mniondolee hatia. Ukaniambia, "Mwalimu, si ni kitu moja tu?" Na hapo ndipo nilipoamua kwamba nitakuja leo na Wendy atakamwa.

Si kitu kimoja, Bwana Theuri. Nisikilizeni vizuri, maana nimefundisha maneno haya kwa miaka mingi na sijawahi kuyahitaji kama leo. Sina ugomvi na kusamehe. Ni neno zuri na lina kazi yake. Mbuzi wako walipoingia shambani kwangu wakamaliza kabichi, ulikuja ukaomba radhi, nikakusamehe. Nilikusamehe kwa sababu kabichi ziliisha, na mbuzi walikuwa wako. Anayesamehe anasema: ulifanya, lakini mimi naliacha. Yeye ndiye mkubwa hapo. Yeye ana kitu cha kutoa, na wewe unapokea ukiwa umeinama.

Kumwondolea mtu hatia ni kazi nyingine kabisa. Niliwahi kuona darasani mwalimu mwenzangu akimshtaki msichana kwa wizi wa kalamu. Msichana akalia siku nzima. Jioni kalamu ikapatikana ndani ya mkoba wa mwalimu mwenyewe. Je, mwalimu amwambie mtoto, "Haya, nimekusamehe"? Amemsamehe nini? Anapaswa kusimama mbele ya darasa lile lile, wakati wote wapo, aseme: hakuiba, mimi nilikosea. Hatia haimwoti mtu mwilini kama nywele. Kuna watu walioibeba wakamtwika. Kumwondolea hatia ni kurudi kwa mtu uliyemtwika, ukashika ule mzigo kwa mikono yako mwenyewe, ukamtua. Na ukishautua, utajikuta umeushika wewe. Ndiyo sababu watu wengi hupenda neno lile lingine.

Mlinitwika mbele ya watu. Nitueni mbele ya watu. Leso mkaifunge vizuri mpeleke kwingine, sukari tumeshakunywa.

Bwana Theuri aliniambia jambo moja la kweli siku ile, nami namheshimu kwa ukweli huo. Alisema, "Mwalimu, tukisema tulikosea, watu watauliza ni kina nani wengine." Nikamwambia, waulize. Akasema, "Na siku ya Mheshimiwa?" Nikamwambia, hasa siku ya Mheshimiwa. Kwa maana wako wengine, ndugu zangu. Wote mliokuwa mnakaa kando ya barabara hii na mkaitwa wezi, wengine wenu mkaacha kufuga, mkauza ng'ombe kwa aibu. Mnajijua. Ninazungumza nikiwa peke yangu hapa mbele, lakini sizungumzi peke yangu.

Kusamehe kuna siku yake. Mkishaniondolea hatia, mtakuja kwangu kuniomba msamaha, ninyi kwangu, kwa njia yake ya kawaida. Bwana Kinuthia anaweza kutoka Mwea na gunia la mchele, hata bila gunia nitampokea. Nitafikiria. Mimi si mtu wa roho ngumu, ila siwezi kuruka darasa.

Safiyo, gusa mtungi. Yamepoa? Toa.

Wote mnaweza kuja karibu. Mheshimiwa, tafadhali, njoo usome mwenyewe ili kesho isisemwe kwamba binti wa Abdisalan alinionea huruma. Maziwa ni yale yale. Koplo hajaondoka hapo kando ya karai. Hakuna aliyetia kitu, hakuna aliyetoa kitu. Tumeyangoja tu, jambo ambalo mngeweza kulifanya asubuhi yoyote ile.

Tumbukiza. Soma, Mheshimiwa.

Ishirini na tisa.

Hapana, msipige makofi. Shusheni mikono. Kioo kimesema kweli leo, kama vile kilivyosema kweli siku zote, sisi ndio tulikuwa hatujui kukiuliza. Kioo hakiwezi kuniondolea hatia. Hakikunitwika. Bwana Theuri, kipaza sauti ni hiki. Njoo. Huhitaji karatasi.

Umeanza vibaya, Theuri. Umeanza na "tumekusa—". Anza tena.

Sema karibu na mdomo, wa kule nyuma hawasikii.

Mmesikia? Kama hamkusikia, nitawarudishia kama alivyosema, neno kwa neno. Amesema: "Mwalimu Beth Wacera hakutia maji. Kagure hakutia maji. Ni sisi tulikosea. Chama kimewaondolea hatia, wao na wengine wote wa barabarani." Kaa, Theuri. Umefanya kazi ngumu leo, na umeifanya mbele ya watu. Hilo nitalikumbuka.

Kagure, usilie. Au lia, kisha uje tukae pamoja.

Ndugu zangu, nina mtu mmoja zaidi wa kumwambia. Yuko pale ng'ambo ya barabara, nyuma ya zizi, chini ya ule mti wa muiri alioupanda mwenyewe akisema siku moja atatengeneza kitanda kwa mbao zake. Nikitoka hapa nitapita kwake. Nitamwambia, "Mutahi, ule msamaha wako nimekurudishia. Ulikuwa mzuri, lakini haukuwa wangu." Na ile asante niliyompa siku ile, iliyokuwa imekosa mahali pa kukaa moyoni mwangu miaka hii yote, naichukua leo naileta hapa, mahali ambapo inastahili.

Safiyo, mimina maziwa ya Wendy ndani ya tangi, yawe ya kwanza. Mheshimiwa, utepe ni wako.

Asanteni kwa kunisikiliza hadi maziwa yakapoa.